Skafu ya jeli inampoza mdogo wangu Dodoma, mbona mimi Dar inanilowesha tu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu, kama umenizidi umri. Mimi ni mama ntilie hapa Dar es Salaam, nina miaka 47. Kibanda changu ni cha mabati, kina majiko mawili ya mkaa, na kuanzia saa tano mpaka saa nane mchana ni fukuto tupu. Mdogo wangu anauza mitumba Dodoma. Alipata skafu ya shingoni yenye chembechembe ndani. Unailoweka, zinavimba zinakuwa kama ute, unaivaa. Anasema inampoza kutwa nzima, akanitumia na mimi. Yangu nililoweka kwenye maji ya kisima, ikavimba kidogo tu. Baada ya nusu saa ikawa vuguvugu, imenilowesha kifua, na joto liko palepale. Muuzaji wa huku anasema kosa ni kutumia kitu kidogo, ninunue kizibao kizima cha aina hiyo, shilingi 180,000. Nina wasichana wawili wanaonisaidia, kwa hiyo ni vitatu. Je, ni kweli? Tena nimeambiwa zile chembe ndizo zilizomo kwenye pampasi. Zina sumu? Mjukuu wangu wa miaka miwili anapenda kuzibonyezabonyeza. Niongeze kwamba siku hizi mchana kichwa kinaniuma na nasikia kizunguzungu, na usiku joto linanipanda ghafla hata feni ikiwa inazunguka. Natumia dawa ya presha.

JIBU: Marahaba, dada yangu, nimekuzidi ingawa si kwa mengi. Vizibao usinunue, hata kimoja. Skafu yako si mbovu na mdogo wako hakudanganyi. Nyinyi wawili mmevaa kitu kilekile katika hewa mbili tofauti, na kazi ya kupoza hufanywa na hewa. Nitaeleza kwa nini, maana ukishaelewa hilo hakuna muuzaji atakayekuyumbisha tena. Ila nianze na mjukuu, kwa sababu la kwake haliwezi kungoja.

Mnyang'anye hiyo skafu leo. Mtu aliyekuambia ni kitu cha kwenye pampasi amekaribia ukweli: ni jamii moja. Chembe hizi zikishakamilika kiwandani hazipenyi kwenye ngozi, na mtu mzima akizishika hazimdhuru. Hatari yake kwa mtoto inatokana na kuvimba. Chembe kavu iliyo ndogo kama punje ya mtama ikimezwa inaendelea kunywa maji tumboni na kukua, na inaweza kuziba utumbo. Watoto wamefanyiwa upasuaji kwa ajili hiyo, na mwishoni mwa mwaka 2023 maduka makubwa ya Marekani, Amazon, Walmart na Target, yalitangaza kuacha kuuza shanga za jeli kama vitu vya kuchezea watoto. Ukihisi amemeza hata moja, usimtapishe wala usisubiri uone. Mpeleke hospitali na uchukue chembe nyingine kama hiyo umwonyeshe daktari, kwa sababu mara nyingi hazionekani kwenye picha ya eksirei. Kutapika, tumbo kujaa, kukataa chakula, kukosa choo: hizo ni dalili za kukimbia naye usiku huohuo. Na kwa kuwa wewe kazi yako ni chakula, skafu yenye mshono uliolegea isikae juu ya sufuria. Jeli ikidondoka kwenye maharage huioni.

Sasa tuje kwenye chembe zenyewe. Miaka ya 1970 maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani iliyoko Peoria, Illinois, ilitengeneza kitu cha aina hii kwa kutumia wanga wa mahindi. Lengo lilikuwa kushika maji ardhini ili mimea isinyauke. Baadaye viwanda, Wajapani wakiwa mstari wa mbele, wakakipeleka kwenye taulo za kike na pampasi. Hakuna aliyekitengeneza ili kipoze mtu. Kilitengenezwa kishike maji, na mpaka leo ndiyo kazi pekee kinachoijua.

Kinashikaje? Polima ni mnyororo mrefu mno wa molekuli, na mnyororo huu umebeba sehemu nyingi zenye chaji hasi, kila moja ikiwa imeshikana na sodiamu au potasiamu. Ukitia maji, sodiamu inaachia. Ndani ya chembe kunakuwa na chumvi nyingi kuliko nje, na maji huenda yenyewe kule kwenye chumvi nyingi, kwa hiyo yanaingia. Zile chaji hasi nazo zinasukumana, mnyororo unajikunjua, nafasi inaongezeka, maji yanazidi kuingia. Ingekuwa minyororo haijafungwa fundo hapa na pale ingeyeyuka yote; mafundo hayo ndiyo yanayoifanya iwe jeli badala ya uji.

Hapo umeshaona kilichokupata na maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, wewe mwenyewe unaijua ladha yake. Maji ya nje yakiwa na chumvi, tofauti kati ya ndani na nje inapungua, na mvuto unapungua nao. Katika maji safi kabisa gramu 1 ya polima hizi huweza kushika maji gramu mia kadhaa. Katika maji yenye chumvi asilimia 0.9, kiwango kinacholingana na cha damu yetu, inashuka hadi gramu 30 mpaka 60. Na kama kisima chenu kina maji magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, kuna shida ya pili: kalsiamu hushika minyororo miwili kwa pamoja na kuikaza, na baadhi ya chembe hazivimbi vizuri tena hata ukizirudisha kwenye maji safi. Skafu ilowekwe kwenye maji ya mvua au ya bomba yasiyo na chumvi. Jasho pia lina chumvi, ndiyo maana skafu iliyovaliwa mwezi mzima bila kusuuzwa inavimba kidogo kuliko siku ya kwanza.

Lakini hata ungeiloweka kwa maji ya kopo yasiyo na chumvi, isingekupoza kama inavyompoza mdogo wako. Ingekaa na unyevu muda mrefu zaidi, basi. Chembe ni ghala la maji. Halitoi baridi.

Baridi inatoka wapi? Fikiria mtungi wa udongo. Maji ya ndani yanapenya polepole mpaka nje, yanakauka, na kila tone linalogeuka mvuke linaondoka na joto la mtungi. Joto linalobebwa hivyo ni kubwa ajabu: kilo 1 ya maji ikivukizwa katika hali ya hewa yetu inachukua kilojuli 2,430 hivi (kilojuli ni kipimo cha joto). Linganisha na kugusa maji ya baridi tu. Tuseme skafu yako ina gramu 250 za maji yenye nyuzijoto 26, ukaivaa mpaka ikafikia nyuzijoto 35 za ngozi yako. Hapo imekuondolea kilojuli 9 na kidogo. Maji hayohayo gramu 250 yakikauka yote yanaondoka na kilojuli 600, zaidi ya mara 60. Ule ubaridi ulioupata mwanzoni ulikuwa zile kilojuli 9. Zilipokwisha, na maji hayakauki, ukabaki na kitambaa cha uvuguvugu shingoni. Ni hesabu hiyohiyo inayofanya mito ya jeli ya kulalia iwe na raha ya dakika chache tu.

Kwa nini maji hayakauki? Kwa sababu hewa ya Dar imeshashiba. Wataalamu wa hali ya hewa wana kipimajoto wanachokifunga kitambaa kibichi na kukipitishia upepo. Namba kinayoonyesha ndiyo baridi ya chini kabisa ambayo maji yanaweza kukupa kwa kukauka mahali hapo. Mchana mkavu wa Dodoma, nyuzijoto 30 na unyevu wa asilimia 35, kitambaa kibichi kinashuka mpaka 19 au 20. Mchana wa Dar wa nyuzijoto 32 na unyevu wa asilimia 75, kinaishia 28. Mdogo wako anavaa kitu chenye nyuzijoto 10 pungufu ya hewa inayomzunguka, wewe pungufu ya 4. Na hiyo ni hewa ya nje. Ndani ya kibanda chenye sufuria mbili zinazotoa mvuke, unyevu uko juu zaidi, na chini ya mabati upepo haupo. Wanawake wa pwani wamelijua hili zamani bila kipimajoto: mtungi wa bara unatoa maji ya kukata meno, wa pwani unatoa maji yanayonyweka.

Sitaki nikukatishe tamaa kupita ukweli, maana kuna watu wanasema pwani maji hayapozi kabisa, na hilo nalo ni kosa. Ngozi yako ina nyuzijoto 34 au 35, na hewa ya nyuzijoto 32 yenye unyevu wa asilimia 75 bado inaweza kupokea mvuke kutoka kwenye ngozi hiyo. Kwa hesabu, mvuto wake ni kama nusu ya ule wa Dodoma. Nusu si sifuri. Ila ili uitumie hiyo nusu unahitaji vitu viwili: eneo kubwa na upepo. Skafu haina hata kimoja. Ngozi ya mwili mzima ni karibu mita za mraba 1.7, na tayari ina mfumo wake wa kuilowesha, ambao ni jasho. Skafu imefunika shingo peke yake. Tuseme inapoteza gramu 30 za maji kwa saa: hiyo ni wati 20, na sehemu ya joto hilo inatoka kwenye hewa, wala si mwilini mwako. Mwili wako ukisimama na kusonga ugali unazalisha kama wati 200, hapo bado sijahesabu majiko.

Usiniamini mimi, pima. Chukua mizani ya unga, pima skafu mbichi kabla ya kuivaa na baada ya saa moja. Siku ya pili fanya hivyohivyo huku feni ikikupulizia. Uzito uliopungua ndio maji yaliyokauka, na hayo ndiyo yaliyofanya kazi. Mkae na wasichana wako mlinganishe na kanga kuukuu iliyoloweshwa na kukamuliwa, saizi ileile. Nitashangaa sana ukikuta skafu ya jeli inaishinda kanga kwa saa ya kwanza. Inaishinda kwa kukaa na maji kutwa bila kulowekwa tena, na hiyo ni faida kwa mtu asiye na ndoo ya maji karibu, kama dereva wa bodaboda au mkulima shambani. Wewe ndoo unayo.

Sasa kizibao. Hoja ya muuzaji ni kwamba kikubwa kinapoza zaidi, na Dodoma ingekuwa kweli kwa kiasi. Kwako kuna tatizo ambalo hakulisema: kizibao kinafunika kifua na mgongo, sehemu zinazotoa jasho kwa wingi. Jasho la chini yake halikauki tena kwenye ngozi. Umebadilishana kipoza chako cha asili na tabaka la ute lenye uzito wa kilo kadhaa, na kama hewa haiitembelei hiyo jeli, unakuwa umevaa pampasi ya mwili mzima. Samahani kwa maneno hayo, lakini ndivyo ilivyo.

Watakuambia pia kwamba polima "inanyonya jasho, kwa hiyo inapoza". Sentensi hiyo naisikia kila mara, hata kutoka kwa watu wanaouza nguo za michezo, na ni ya kupotosha. Jasho linapoza linapokauka likiwa juu ya ngozi. Likinyonywa na kitambaa likabaki humo, kazi yake imepotea. Zaidi ya hapo, kitu kinachonyonya mvuke kutoka hewani kinatoa joto, hakichukui. Kampuni ya Mizuno ya Japani inauza nguo za ndani za baridi zinazotumia nyuzi za jamii hiihii ya polima: zinanasa mvuke wa mwili wa anayeteleza kwenye theluji na kumpasha. Polima yako iliyoshiba maji tayari haifanyi hivyo kwa kiasi cha kuogopa, lakini ni vizuri kujua kwamba kunyonya na kupoza ni mambo mawili.

Kuna vizibao vya aina nyingine ambavyo vinafanya kazi hata pwani, kwa sababu havitegemei hewa. Vina mifuko ya kitu kinachoganda kwenye friji na kuyeyuka taratibu kikiwa kifuani, baadhi kwenye nyuzijoto 15, vingine 20 na kitu. Wanaovivaa ni madaktari wa upasuaji, wazima moto, wafanyakazi wa viwanda vya chuma. Kilo 2 za mifuko hiyo hubeba kilojuli 400 hivi, yaani wati 55 kwa saa mbili, halafu unarudi kwenye friji. Bei yake haiendani na biashara ya wali maharage. Na siri yake unaiweza kwa senti: barafu. Kilo 1 ya barafu ikiyeyuka na maji yake yakafika nyuzijoto 25 inachukua kilojuli 440, zaidi kidogo ya zile kilo 2 za gharama. Nunua barafu za mifuko, zifunge kwenye kanga mikunjo miwili ili zisigusane na ngozi moja kwa moja, weka shingoni na mgongoni dakika kumi, pumzika, rudia. Au tumbukiza taulo kwenye maji ya barafu, kamua, jifunike mabega. Muuzaji akikutajia Qatar na mavazi waliyopewa mafundi wa viwanja vya Kombe la Dunia, mkumbushe kwamba nchi hiyohiyo tangu 2021 imepiga marufuku kazi za nje juani kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15. Wenye pesa zote hizo hawakuona kizibao kinatosha.

Zile 540,000 ukiwa nazo kweli, au hata robo yake, zipeleke kwenye kibanda.

Kwanza upepo. Feni ya meza inakula kama wati 50 za umeme, na kwa hewa ya Dar, ambayo mara nyingi haivuki joto la ngozi yako, kila pumzi yake ni faida tupu: inaondoa mvuke uliokuzunguka na kuacha jasho likauke. (Shirika la Afya Duniani linashauri feni zisitegemewe hewa ikivuka nyuzijoto 40, maana hapo zinakupulizia joto. Dar hatuko huko.) Iweke nyuma yako au ubavuni, ikipuliza kuelekea mlangoni, isielekee majikoni ikarusha cheche na majivu. Kama kibanda hakina umeme, kata madirisha pande mbili zinazotazamana, upande wa bahari na wa pili yake, ili kaskazi na kusi vipite. Acha pengo la mkono mmoja kati ya ukuta na paa. Hewa ya moto inapanda, ipe pa kutokea.

Pili, mionzi ya joto, ambayo watu huisahau. Nusu ya mateso ya mama ntilie hayapiti kwenye hewa, yanatoka moja kwa moja kwenye mkaa na kwenye bati la juu, kama unavyolihisi usoni ukiinama kuchochea. Skafu haizuii hilo hata kidogo. Kipande cha bati jipya linalong'aa, kikisimamishwa kati ya jiko na miguu yako na kuachiwa nafasi ya vidole vinne, kitarudisha sehemu kubwa. Jiko lenye udongo ndani linaacha ubavu wake usiwe wa moto sana, na linaokoa mkaa. Paa lipake rangi nyeupe kwa nje, au weka dari ya mbao nyepesi chini ya bati. Makuti yangepoza vizuri zaidi, ila juu ya mkaa sikushauri.

Nguo: pamba nyepesi, pana, isiyobana. Poliesta inakauka haraka kweli, lakini ikishika cheche inayeyuka na kunata kwenye ngozi. Ganda la skafu nyingi za jeli ni poliesta, kwa hiyo ncha zake zisiningʼinie juu ya moto.

Na skafu yako uliyo nayo? Itumie unapotoka kwenda sokoni, au jioni ukiwa umekaa barazani penye upepo. Isuuze kwa maji safi kila siku, ianike ikauke kabisa mara moja kwa wiki. Ikianza kunuka uvundo au kuwa na madoa meusi, ni ukungu na bakteria, itupe. Shingo iliyofunikwa unyevu saa nyingi huota vipele vya joto, na vikikupata iache mpaka vipone.

Jambo moja kuhusu shingo, kwa sababu linahusu usalama. Tafiti za wanamichezo zinaonyesha kwamba kupoza shingo kunamfanya mtu ajisikie nafuu na hata akimbie muda mrefu zaidi, lakini joto la ndani ya mwili halishuki kwa kiasi cha maana. Wengine walifika joto la juu zaidi kwa sababu hawakuhisi ishara ya kusimama. Kwa hiyo usiitumie shingo yako baridi kama kipimo cha kwamba mwili uko salama.

Ndiyo, sasa kichwa na kizunguzungu. Mimi ni mtu wa polima na nguo, si daktari, na hapa nakuomba uende zahanati wiki hii. Ila kuna la kuangalia kabla hujaenda. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala moshi, na inaleta kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Waulize wasichana wako kama nao wanaumwa kichwa saa zilezile. Angalia kama inapungua ukitoka nje robo saa, na kama siku za mvua mnapofunga turubai inazidi. Majibu yakiwa ndiyo, usitafute dawa ya joto, tafuta hewa: fungua kila upande, na usiwashe jiko mlango ukiwa umefungwa hata kwa dakika tano. Mwambie daktari waziwazi kwamba unafanyia kazi mkaa ndani.

Dawa ya presha ipeleke na pakiti yake. Zile za kukojosha zinapunguza maji na chumvi mwilini, na ukitoka jasho saa nne mfululizo presha inaweza kushuka ukasikia kizunguzungu ukisimama. Zile kama atenolo zinauzuia moyo kuongeza kasi wakati mwili unajaribu kujipoza. Amlodipini kwa baadhi ya watu huleta joto la ghafla usoni. Usiache wala usipunguze mwenyewe. Daktari anaweza kubadilisha dawa au saa ya kuinywa.

Joto la usiku, kwa miaka 47, huenda ni kukoma hedhi kunakaribia. Mwili wakati huo unapunguza uvumilivu wake wa joto, kupanda kidogo tu kunafanya ubongo ufungue jasho lote. Kitambaa kibichi usoni kinasaidia dakika chache, na kuna matibabu, wanawake wengi hapa hawaambiwi tu. Lakini usijithibitishie mwenyewe. Tezi la shingo likifanya kazi kupita kiasi linaleta hali kama hiyo, na jasho la usiku likiambatana na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili au kupungua uzito, kapime kifua kikuu.

Mkiwa kazini, mmoja wenu akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, akayumba, akaanguka, au ngozi ikawa ya moto kupita kawaida, hicho ni kiharusi cha joto. Mtoeni nje kivulini, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni kwa nguvu, wekeni barafu zilizofungwa kitambaa shingoni, kwapani na kwenye kinena, na wengine watafute gari la hospitali muda huohuo. Asiyejitambua asinyweshwe kitu. Vifungo vya kizibao hamtakuwa na muda wa kuvifungua, maji ya ndoo yanatosha kuanza.

Ukiamua kuitupa skafu, jeli usiimwage kwenye sinki wala chooni, itavimba kwenye bomba na kuziba. Ikaushe juani mpaka irudi kuwa chembe, ifunge kwenye mfuko, itupe na taka ambazo mjukuu hazifikii. Na kama imeshamwagika kwenye sinki, mwagia chumvi ya kupikia ya kutosha uiache nusu saa: itanywea na kuachia maji, halafu isukume na maji mengi.